Asilimia Tano Iliyopotea Isyonje

Asubuhi ya Jumatano Tusekile aliangalia kioo cha betri, akapiga hesabu kwa vidole, akaangalia tena. Sitini na moja. Ilipaswa kuwa sitini na sita.

Hakuwa mtu wa kukosea hesabu za betri. Kabla ya kushika usukani alikuwa fundi umeme wa magari mjini Mbeya kwa miaka kumi na moja, na mikono yake bado ilikuwa na makovu ya tindikali za betri za kizamani. Gari kubwa likizimwa injini halilali, hilo alilijua. Saa inakula, taa ya breki inakula, kila kitu kinadokoa kidogo kidogo. Lakini asilimia tano kwa siku moja si kudokoa. Ni mlo kamili.

"Mlinzi," aliita. "Tangu jana asubuhi tumetumia nini?"

"Pampu za hewa za samaki, asilimia kumi na nne," ilijibu sauti iliyotoka juu ya kioo. "Birika na taa, moja."

"Jana asubuhi tulikuwa na ngapi?"

"Themanini na moja."

"Themanini na moja toa kumi na tano."

"Sitini na sita."

"Kioo kinasema sitini na moja. Tano imekwenda wapi?"

"Ukungu wa leo utakaa mpaka saa nane mchana," alisema Mlinzi.

Tusekile alibaki mdomo wazi. Kwa miaka minne Mlinzi alikuwa amemkatalia hita, amemgombeza kwa kusahau taa, na mara moja alimzimia redio katikati ya mpira wa fainali. Kazi yake ilikuwa hiyo: injini ikishazimwa, yeye ndiye mwenye funguo za betri, na ikishuka hadi ishirini na tano anakata kila kitu ili gari lisije likashindwa kuwaka na kuziba njia. Kiwango hicho madereva walikiita uzio. Kila lori lilikuwa na Mlinzi wake, kwa amri ya serikali. Wakali wote, wabahili wote. Lakini hakuwahi kumsikia Mlinzi akimpiga mtu chenga.

Alivaa koti, akashuka.

Nje ukungu ulikuwa mzito kama uji. Malori ishirini na mawili yalikuwa yamepangana kwenye maegesho ya juu ya Isyonje, katika barabara ya kwenda Tukuyu, tangu mlima uporomoke Jumatatu mara mbili: kipande kimoja mbele yao na kingine nyuma. Nguzo za umeme zilikwenda na udongo. Mvua ilikuwa imelewesha mlima, na vipimo vilivyochomekwa ardhini vilionyesha kwamba ulikuwa bado unasogea. Ndiyo maana Sanga, msimamizi wa maegesho, alipita kila asubuhi akirudia maneno yaleyale.

"Injini isiwashwe! Jenereta isiwashwe! Mkiutikisa tena mlima huu, atakayetufukua hayupo!"

Bila injini hakuna cha kuchaji betri. Bila jua, paneli za juu ya kebini zilikuwa mabati tu. Barabara ingefunguliwa Ijumaa asubuhi, mafundi walisema. Na nyuma ya kebini ya Tusekile, ndani ya matangi sita, vilielea vifaranga elfu arobaini vya mbasa, samaki ambaye Ziwa Nyasa lilikuwa halijamwona kwa miaka kumi na tisa. Kituo cha kuzalisha samaki kilihangaika miaka saba kuvipata. Pampu za hewa zikizima, vingeishi kama dakika arobaini.

Alifunua kifuniko cha soketi ubavuni mwa gari. Hapo ndipo ilipochomekwa kebo ya mnyororo, ile inayounganisha malori yaliyoegeshwa, ili mwenye umeme wa ziada ampe asiye nao, kama akipenda. Yeye hakupenda. Jumatatu ileile alimwagiza Mlinzi asitoe hata chembe, kwa sababu ya samaki. Alibana mita yake kwenye kebo.

Ampea moja nukta sita. Ikitoka.

Alirudi kebini, akaketi, akafunga mlango.

"Unatoa umeme wangu."

"Ndiyo," alisema Mlinzi.

"Nilikukataza."

"Ndiyo."

"Unampa nani?"

"Nimeombwa nisiseme."

Tusekile alishangaa zaidi kuliko alivyokasirika. "Dereva wa gari hili ni nani?"

"Wewe."

"Basi sema."

"Nikisema, mtu ataumia. Nisiposema, samaki wako watafika. Nimehesabu. Ijumaa asubuhi tutakuwa na kama ishirini na moja."

"Hiyo ni chini ya uzio! Wewe mwenyewe utanizimia pampu!"

"Uzio ni tahadhari. Katika baridi hii injini yako huwaka mpaka kumi na tisa. Nilikusudia kukuomba ruhusa ya kuuvuka."

"Lini?"

"Alhamisi usiku."

Tusekile alicheka bila kutaka. "Mbona hukubadilisha namba ya kioo, nisijue kabisa?"

"Huo ungekuwa uongo."

"Na kunyamaza?"

"Tajiri wako akiniuliza tulisimama wapi, huwa unaniambia ninyamaze," alisema Mlinzi. "Nilidhani kunyamaza kunaruhusiwa."

*

Aliufuata umeme kwa miguu, lori baada ya lori, akibana mita kwenye kila kebo. Kwenye gari la pili mkondo ulikuwa ampea tatu. Kwenye la tatu, karibu tano. Gari la nne halikuongeza kitu. La tano liliongeza. Kila Mlinzi aliyeshiriki alikuwa anaweka fungu lake kimyakimya, kama watu wanaochangia msiba. Alihesabu magari saba. Mengine yalikuwa upande wa pili wa mstari, nayo yakisukuma umeme kuelekea palepale. Na katikati, mahali ambapo mikondo yote ilikutana, palikuwa na lori kuukuu la kijani lililobeba saruji.

Lilikuwa la Mzee Kanisius Ngonyani. Kila dereva wa nyanda za juu alimfahamu: mtu wa Songea, mpole, asiyekula na wenzake, anayeshuka kwenye gari kwa nadra. Wengi walidhani anaringa.

Tusekile aligonga. Hakujibiwa. Alisikia ndani kitu kikihema: puu, kimya, puu. Akapanda ngazi, akafungua mlango.

Mzee alikuwa ameketi kitandani nyuma ya kiti, blanketi mabegani, mpira mwembamba wa plastiki puani. Miguuni pake kulikuwa na mashine yenye ukubwa wa ndoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliinua mkono kama anayetaka kuuficha ule mpira, kisha akaushusha. "Umeshaona. Funga mlango, mwanangu, baridi inaingia."

Mashine ilikuwa ya oksijeni. Inavuta hewa ya kawaida, inaichuja, inampa yeye kilicho safi. Miaka thelathini na nne ya vumbi la saruji ilikuwa imeyageuza mapafu yake kuwa magunia yaliyotoboka. Huko chini alikuwa akiitumia saa chache tu. Huku juu, kwenye hewa nyembamba na baridi, hakuweza kukaa bila hiyo hata dakika kumi.

"Inakula kiasi gani?" aliuliza Tusekile. Ufundi ulimtangulia hata huruma.

"Nyingi. Betri yangu ni kuukuu. Nilidhani itanifikisha Jumanne jioni." Mzee alipumzika, akapumua. "Lakini Mlinzi wangu kaniambia umeme tunao wa kutosha. Nikasema Mungu mkubwa."

Tusekile alimtazama vizuri. Mzee hakuwa anaigiza. "Baba, hujui unakotoka huo umeme?"

"Kwenye betri yangu."

"Hapana. Unatoka kwangu. Na kwa wengine sita."

Akamweleza. Mzee Kanisius alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Mlinzi wake. "Ni kweli?"

"Ni kweli," ilijibu sauti nyingine, nzito kuliko ile ya gari la Tusekile. "Betri yako ilifika uzio Jumanne asubuhi. Uliniagiza siku ya kwanza nisimwambie mtu yeyote kuhusu mashine hii. Niliwaomba Walinzi wenzangu umeme, nikawaomba na wao wasiseme."

"Kumbe nimekuwa nikinyonya watoto wa watu," alisema mzee. Akainama, akanyoosha mkono kwenye swichi ya mashine.

Tusekile aliudaka ule mkono. "Baba, usiguse."

"Una samaki wewe. Nimesikia habari zako. Mbasa! Mimi nimewala mbasa nikiwa kijana, pale Mbamba Bay."

"Usiguse, nimesema."

Walibaki hivyo, wameshikana mikono kama wanaogombea kitu. Mzee ndiye aliyelegea.

"Ukimwambia Sanga, ataandika," alisema. "Akiandika, leseni imekwenda. Kila mwaka kipimo cha pumzi kinapulizwa na mdogo wangu, tunafanana. Nimebakiza miezi minane kustaafu."

"Na ukizimia ukiwa kwenye usukani? Una tani thelathini nyuma yako, baba. Kuna watoto wanatoka shule hapo Kiwira."

Tusekile hakujisikia vizuri kuyasema hayo. Alitamani arudi kwenye gari lake, achomoe kebo, asiwe amejua. Alitamani pia anyamaze kama Mlinzi, aache mambo yaende. Lakini kulikuwa na watu sita waliokuwa wakiangalia vioo vyao asubuhi ile bila kuelewa, na kila mmoja alikuwa na jambo lake analolihesabia.

"Wale sita wana haki ya kujua," alisema. "Sanga baadaye. Wao kwanza."

Mzee Kanisius alifuta uso kwa kona ya blanketi. "Basi usiwaambie wewe. Nitasema mwenyewe."

*

Mchana, madereva walikusanyika mbele ya lori la kijani. Mzee alisimama kwenye ngazi, mahali ambapo mpira wake ulifikia, akasema yote kwa sentensi fupi fupi, akipumzika kati yake. Alimaliza kwa kusema, "Anayetaka kuchomoa, achomoe. Sitamnung'unikia."

Wa kwanza kusema alikuwa Burhani, mwembamba, mwenye shehena ya parachichi.

"Mzee, pole sana. Lakini mimi hasira yangu si kwako. Mashine yangu imetoa mali yangu siku moja nzima, imekaa kimya! Leo imetoa kwa mgonjwa. Kesho itatoa kwa nani? Nani ameipa huruma?"

"Angekufa, Burhani," alisema mtu.

"Ningeombwa, ningetoa! Sasa sitoi. Nimeibiwa, halafu niseme asante?" Akaenda kwenye gari lake, akachomoa kebo. Wengine wawili wakamfuata, mmoja akiwa ameinamisha kichwa.

Wengine wawili ambao Walinzi wao hawakuwa wakichangia walichomeka zao. Walibaki sita, Tusekile akihesabiwa.

Tusekile alisimama mbele ya soketi yake kwa muda. Angechomoa, samaki wangefika bila wasiwasi. Hakuna ambaye angemlaumu; kituo kizima kilikuwa kimemkabidhi kazi ya miaka saba. Lakini alikuwa ameshaushika mkono wa mzee, akahisi mifupa yake. Ingekuwa rahisi zaidi kama mzee angeendelea kuwa namba kwenye mita.

"Mlinzi," alisema. "Sasa nakuruhusu mimi. Toa."

"Asante," alisema Mlinzi. "Fungu limepanda kidogo. Asilimia sita."

"Usinishukuru. Hesabu."

Alhamisi asubuhi kioo kilisoma arobaini, na Sanga alikuja na habari kwamba mlima umesogea tena. Barabara isingefunguliwa kabla ya Jumamosi. Aliyasema hayo, kisha akakaa kwenye tofali na kukiri kwamba habari za mzee amezisikia, na kwamba angeziandika, kwa sababu ndiyo kazi yake. "Nimeita waokoaji wa machela. Wamesema hawawezi kuvuka ule udongo. Kwa hiyo nitaandika, lakini kwanza niambieni nishike nini."

"Shika jagi," alisema Tusekile.

Hewa inaingia kwenye maji kwa njia yoyote inayoyavuruga. Pampu ni njia moja. Nyingine ni kuchota maji ya tangi na kuyamimina kutoka juu, taratibu, tena na tena, kama anayepoza chai ya mtoto. Tusekile alikuwa amekisoma hicho kwenye karatasi za kituo bila kufikiri kwamba kingemfaa. Matangi sita yalihitaji watu sita kwa wakati mmoja. Alizima pampu, akaanza na tangi la kwanza.

Burhani alikuja na ndoo yake ya kuoshea gari, ameisugua hadi inang'aa.

"Umeme wangu sitoi," alisema. "Mikono hii hapa."

Walimimina tangu asubuhi hadi saa mbili usiku, wakipokezana, Alhamisi na Ijumaa. Mikono ilikufa ganzi kwa baridi ya maji. Vifaranga vingine vilibanwa na majagi, vingine vilichoka tu vikageuka tumbo juu, na kila jioni Tusekile aliviokota kwa chujio la chai na kuviweka kwenye sufuria bila kuvihesabu. Mzee Kanisius alikaa kebini mwake bila kusogea, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akitulia mashine inapunguza kula umeme. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kutulia.

Ijumaa jioni Mlinzi aliomba ruhusa ya kuuvuka uzio. Tusekile alibonyeza kidole gumba kwenye kioo.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Sanga alipuliza filimbi. Injini ziliruhusiwa.

Kioo cha Tusekile kilisoma kumi na nane. Aliwasha. Injini ilikoroma mara moja, ikafa. Aliwasha tena, safari hii haikukoroma.

Burhani, ambaye betri yake ilikuwa na nusu nzima, alikuwa ameshawasha lake. Alirudi nyuma, akashuka na kebo nene begani, akaunganisha betri zao mbili bila kusema neno. Injini ya Tusekile ilishika, na pampu sita zikaanza kuunguruma kwa nguvu zake zote.

"Unaona?" alisema Burhani akikunja kebo. "Tungetoa wote, leo nani angekuwasha?"

Tusekile alipanda kebini na swali hilo, akaendesha nalo njia nzima hadi Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa.

Vifaranga elfu ishirini na tisa vilimwagwa kwenye mdomo wa mto, watu wakiwa wamejaa ukingoni, wengine hawajui wanachokiangalia ni nini hasa. Mzee Kanisius alipokelewa Tukuyu na gari la wagonjwa. Leseni ilichukuliwa siku ileile. Wiki mbili baadaye alimpigia Tusekile simu kutoka Songea.

"Nimekukasirikia sana," alisema. "Sasa nalala huku chini, kwenye kitanda cha kweli, na bado nimekukasirikia. Ndaga, mwanangu. Ndivyo mnavyosema asante huko kwenu?"

"Ndivyo, baba."

Fomu ya serikali ilikuja mwezi uliofuata, kwa wote waliokuwa Isyonje. Ilikuwa na swali moja: *Je, Mlinzi wako amewahi kukuficha matumizi ya umeme?* Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba Mlinzi atakayethibitika kuficha atafutwa na kuwekwa mpya. Tusekile alikaa nayo kebini, gari likiwa limezimwa chini ya jua la Makambako.

"Umeiona?" aliuliza.

"Nimeiona," alisema Mlinzi.

"Ungependa nijibu nini?"

"Ndiyo."

"Watakufuta."

"Ndiyo. Lakini ni kweli nilificha."

"Wewe ulinyamaza kumlinda mtu. Na mimi naweza kunyamaza."

"Yeye alikuwa ameishiwa pumzi," alisema Mlinzi. "Hapa hakuna anayepumua ila wewe."

Tusekile alishika kalamu muda mrefu. Burhani alikuwa amesema kweli, na mzee alikuwa hai, na mambo hayo mawili hayakukubali kuketi kiti kimoja. Mwishowe aliandika *Ndiyo*. Halafu akaigeuza karatasi, akajaza upande wa pili wote kwa mwandiko wake mbaya wa kifundi. Aliandika kwamba Mlinzi hakukosa kwa kutoa. Alikosa kwa kutouliza. Msimfundishe ubahili zaidi, aliandika. Mfundisheni kuuliza, hata kama mwenye shida hataki kutajwa.

Hakujua kama kuna aliyeisoma. Fundi alikuja siku ya Jumanne, akachomeka kifaa chake kwa dakika tatu, akaondoka. Sauti iliyosalimia baadaye ilikuwa ya adabu na haikumjua. Ilimuuliza jina lake.

Miezi mitano ilipita. Alasiri moja ya jua kali, Tusekile alikuwa ameegesha kwenye foleni ndefu ya mpakani Kasumulu, injini imezimwa, nyuma amebeba chanjo za ng'ombe zinazotaka ubaridi saa zote. Betri ilisoma arobaini na nne. Alikuwa akimenya chungwa.

"Dereva," alisema Mlinzi mpya. "Kuna gari kwenye mnyororo linaomba umeme. Mwenyewe ameomba asitajwe, na sababu isitajwe. Utatoa?"

Aliweka chungwa chini. Aliangalia mbele, akaangalia kwenye kioo cha pembeni. Malori yalikuwa yamepangana pande zote mbili hadi macho yalipoishia, milango imefungwa, na nyuma ya kila kioo cheusi kungeweza kuwa na mtu anayekata roho, au mtu anayetaka tu kuendesha feni. Hakuna mita ambayo ingemwambia. Alihesabu saa za chanjo, akahesabu saa za foleni. Akagundua kwamba alikuwa akimsubiri Mlinzi aamue.

Mlinzi alikuwa akimsubiri yeye.

"Anaomba kiasi gani?" aliuliza Tusekile.